Maumivu ya Neva ya Uso na Meno Yanayong'olewa Bure: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni daktari wa meno. Maswali haya nimeyaokota kidogo kidogo: mengine kutoka kwa wagonjwa waliokaa kwenye kiti changu, mengine kutoka kwa ndugu zao wanaopiga simu usiku wakiuliza kama waje na mgonjwa sasa hivi. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu ana kwa ana. Sababu ya kuandika ni moja. Kosa la kung'oa jino wakati kinachougua ni neva mara nyingi huanzia kwetu sisi wa meno, na koleo likishafanya kazi yake halirudishi kitu.

Ugonjwa wenyewe unaitwaje, na ni nini hasa?

Unaitwa neuralgia ya trijemina. Trijemina ni neva ya tano kati ya jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwenye ubongo, na jina lake la Kilatini lina maana ya mapacha watatu, kwa kuwa inagawanyika matawi matatu. La kwanza linakwenda kwenye kipaji cha uso na jicho. La pili linahudumia shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu. La tatu ni la taya la chini, kidevu na meno ya chini. Kila upande wa uso una neva yake. Kazi yake kubwa ni kupeleka habari kwenye ubongo: nimeguswa, kuna baridi, kuna moto, naumia.

Kwa mwenye neuralgia, neva hii inapeleka habari za uongo. Upepo umepita shavuni tu, lakini ubongo unapokea taarifa ya shoti ya umeme.

Chanzo cha kawaida ni mshipa wa damu ulioegemea neva karibu na pale inapoingia kwenye shina la ubongo. Unadunda juu yake miaka na miaka mpaka ganda la neva linachubuka. Fundi umeme yeyote atakuelewa ukimwambia hivyo, maana waya uliochubuka ganda anajua unavyofanya. Mpasuaji wa Kimarekani Walter Dandy aliiona hali hiyo kwa macho yake alipokuwa akipasua wagonjwa miaka ya 1930, na mwenzake Peter Jannetta, katika miaka ya 1960, ndiye aliyeufanya upasuaji wa kuutenga mshipa na neva uwe tiba.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Tunasema "mshipa" kwa mshipa wa damu, "mshipa" kwa mshipa wa fahamu, na wengine "mshipa" ni ngiri kabisa. Mgonjwa akimwambia mhudumu "nina mshipa wa usoni", kila mmoja anaelewa lake. Ndiyo maana katika ukurasa huu nasema neva nikimaanisha mshipa wa fahamu.

Nitajuaje kama ni jino au ni neva?

Sikiliza maumivu yanavyokuja na yanavyoondoka, usihangaike sana na mahali yalipo. Mahali patakudanganya. Neva inayobeba maumivu ya gego ndiyo hiyo hiyo iliyougua, kwa hiyo ubongo hauna njia ya kutofautisha. Mgonjwa anapokwambia "ni jino hili, dokta, naapa", hasemi uongo. Analisikia hapo kweli.

Maumivu ya neuralgia ni ya ghafla, makali kama shoti au kisu, na mafupi: kuanzia chini ya sekunde moja hadi dakika mbili. Yanapiga upande mmoja wa uso, mara nyingi zaidi wa kulia. Yanaweza kupiga mara kadhaa kwa siku au mara kumi ndani ya saa moja, na kati ya pigo na pigo mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anacheka. Na yanachochewa na kitu ambacho hakikustahili kuuma: kupiga mswaki, kunawa uso, kutafuna, kuongea, kunyoa ndevu, kupaka poda, upepo wa dirisha la daladala.

Jino bovu lina tabia nyingine. Jino lenye kiini kilichovimba linauma ukinywa cha baridi au cha moto, na maumivu yanabaki baada ya kinywaji kuondoka, yanapwita, usiku ukilala yanazidi. Jino lenye usaha huuma ukiligonga au ukiling'atia. Neuralgia kwa kawaida haimwamshi mtu usingizini, isipokuwa akigeuka na shavu likagusa mto.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye fomu zetu, lakini nakitazama kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Mwenye jino bovu anakuja ameshika shavu, amelibana kwa kiganja, maana kulibana kunampa nafuu. Mwenye neuralgia analikinga. Ukimwambia akuonyeshe panapouma, kidole kinakwenda mpaka karibu na shavu kisha kinasimama hewani. Hakigusi.

Wewe mwenyewe umewahi kukosea?

Ndiyo. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mmoja analalamikia gego la juu kulia. Lilikuwa na tundu dogo. Nikaling'oa. Akapata nafuu, akaondoka ananishukuru. Wiki chache baadaye akarudi, maumivu yamehamia, kwa maelezo yake, jino la jirani. Eksirei ikaonyesha mfupa umepungua kidogo pembeni ya mzizi, jambo ambalo ukimpiga picha mtu yeyote wa umri wake unaweza kulikuta. Nikaling'oa na hilo.

Mara ya tatu alikataa kukaa kwenye kiti. Si kwamba alikuwa ananiogopa mimi. Pangaboi lilikuwa linazunguka juu ya kiti, naye alikuwa amejifunika kanga shavu la kulia, ameishikilia mbali na ngozi kwa vidole viwili, kama mtu anayekinga mshumaa. Aliongea meno yakiwa yamebana. Binti yake ndiye aliyenieleza: mama ana wiki mbili anakunywa uji wa vuguvugu kwa kijiko, upande wa kushoto tu, na kila asubuhi akitaka kunawa uso anakaa karibu na ndoo muda mrefu anajipa moyo.

Hayo yote yangeweza kusemwa siku ya kwanza. Sikuuliza. Niliuliza "jino gani?"

Kwa nini kosa hili linarudiwa na madaktari waliosoma?

Kwa sababu ugonjwa huu unatoa ushahidi wa uongo, na tena unautoa kwa wakati mzuri kabisa.

Ushahidi wa kwanza ni ganzi. Daktari akiwa na wasiwasi anachoma ganzi kwenye jino linaloshukiwa. Maumivu yakikatika, anaamini kampata mwizi. Lakini ganzi inalaza tawi la neva, na kama pale ndipo mahali pa kichocheo, neuralgia nayo inanyamaza. Ganzi inathibitisha njia maumivu yalikopita tu. Haithibitishi yalikotoka.

Ushahidi wa pili ni mapumziko. Neuralgia, hasa miaka ya mwanzo, huja kwa vipindi: wiki au miezi ya mateso, kisha kimya cha miezi, hata mwaka na zaidi. Sasa mtu huenda kung'oa jino lini? Anakwenda maumivu yakiwa kileleni. Baada ya kilele kuna mteremko. Jino limetoka, maumivu yamepoa, kila mmoja anapata hakika: mgonjwa anamsifu daktari, daktari anajipongeza. Yakirudi, hakuna anayesema tulikosea. Wanasema "sasa ni la pili yake". Hivi ndivyo mtu anavyofikia meno manne, matano, mengine yakiwa mazima kama ya mtoto wa darasa la saba.

Tena, ukipiga picha mdomo wa mtu mzima mwenye miaka hamsini na kitu, huwezi kukosa kitu cha kulaumu. Na huo ndio umri ambao ugonjwa huu unapenda. Wengi wanaoupata wamepita miaka 50, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Halafu kuna uchache wake. Makadirio yanayotajwa sana ni wagonjwa wapya 4 hadi 13 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Daktari wa kituo cha afya anaweza kuona maelfu ya meno mabovu kabla ya kukutana na mgonjwa mmoja wa neuralgia, na anapokutana naye hana sababu ya kumtilia shaka. Sisemi hivi kutetea. Nasema ili ujue kwamba unapoingia chumbani, hesabu zinakuelemea, na ni maelezo yako ndiyo yatakayozigeuza.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1677 John Locke, ambaye wengi wanamjua kama mwanafalsafa lakini alikuwa tabibu, akiwa Paris aliitwa kumtazama mke wa balozi wa Uingereza, mama aliyekuwa akipigwa na maumivu ya uso ya aina hii hii. Mama huyo naye alikuwa ameshang'olewa meno.

Basi nimwambie nini daktari?

Usianze na "jino linauma". Ukisema jino, utapelekwa kwenye jino. Sema hivi: "Napigwa na shoti upande wa kulia, zinachukua sekunde kadhaa, zinakuja nikinawa uso au nikitafuna, katikati siumwi." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko picha tatu za eksirei, kwa sababu neuralgia hugunduliwa kwa maelezo. Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha.

Siku tatu nne kabla ya kwenda, andika kwenye simu kila linapopiga: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, limedumu muda gani, limeanzia wapi likaishia wapi. Mwenzako akiweza kukurekodi wakati shambulio linapiga, bora zaidi. Uso unakunjamana ghafla upande mmoja, mtu anaganda katikati ya neno. Ndiyo maana Mfaransa Nicolas André, mwaka 1756, aliuelezea ugonjwa huu kama mshtuko wenye maumivu. Daktari akiona video hiyo hatakuuliza jino gani.

Na kabla hujakubali kung'oa, uliza swali moja la adabu: "Dokta, ukiliangalia jino hili peke yake, bila maneno yangu, lina ubovu wa kulifanya ling'olewe?" Akisita, omba muda.

Niliambiwa ni sainasi. Nimemaliza dozi tatu za antibayotiki.

Sainasi huja na pua iliyoziba au makamasi mazito, uso kuwa mzito ukiinama, pengine homa. Maumivu yake ni ya kukandamiza, ya kutwa nzima. Hayapigi kwa sekunde tano kisha yakakuachia ukamalizia chai. Dozi ya tatu ilikuwa ya nini kama ya kwanza haikubadilisha kitu?

Mimi nimeambiwa kipandauso.

Jina hili tunalitumia vibaya, maana kila maumivu yaliyo juu ya shingo tunayaita kipandauso. Kipandauso chenyewe, ule ugonjwa, kinachukua saa nyingi, kuanzia saa nne hadi siku tatu kama hakikutibiwa, na huja na kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele. Mtu anataka chumba chenye giza. Mwenye neuralgia hahitaji giza, anahitaji asiguswe.

Upo ugonjwa mwingine unaokaribiana zaidi: maumivu makali mno kuzunguka jicho moja, ya dakika 15 hadi saa tatu, jicho likitoa machozi na kuwa jekundu, pua ya upande huo ikiziba. Huo hupiga kwa majira, mara nyingi saa ile ile ya usiku, na mgonjwa hatulii, anatembeatembea chumbani. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo machozi na dakika ni mambo ya kutaja.

Na kiungo cha taya?

Kinauma kwa uzito, mbele ya sikio, na kinalia "ko" ukifungua mdomo. Wengi wao wanasaga meno usiku. Ukibonyeza misuli ya taya unaipata sehemu inayouma. Hilo ni tatizo la misuli na kiungo.

Uso wangu umepinda upande mmoja. Ndiyo hii?

Hapana. Huko ni kupooza uso, na neva inayohusika ni ya saba, inayoendesha misuli ya uso. Trijemina ni ya tano, ya hisia. Alieleza tofauti hiyo mpasuaji wa Kiskoti Charles Bell, karne ya 19, na kupooza kule kumebaki na jina lake. Kwa kupooza, jicho halifungi, mdomo unavutwa upande ulio mzima, chai inamwagika pembeni. Nenda hospitali upesi, siku hiyo hiyo: dawa za kupunguza uvimbe wa neva zinafaa zaidi zikianza ndani ya siku tatu, na ni lazima daktari ahakikishe si kiharusi. Usikae nyumbani unakandwa.

Nilipata mkanda wa jeshi usoni, vidonda vimepona lakini maumivu yamebaki.

Hayo ni maumivu ya neva pia, na tawi linaloshambuliwa sana ni lile la kipaji na jicho, lakini si neuralgia ya trijemina ya kawaida. Yanaunguza mfululizo, ngozi haivumilii hata kola ya shati. Hutibiwa zaidi kwa dawa kama amitriptilini au gabapentini. Mwambie daktari kuhusu mkanda hata kama una miaka miwili ulishapona. Kovu dogo kwenye kipaji linaweza kumwokoa mtu na vipimo vingi. Na kama hujawahi kupima VVU, pima, maana mkanda wa jeshi kwa kijana mara nyingi ni dalili kwamba kinga imeshuka.

Je, inatokea kinyume chake: mtu anaambiwa neuralgia kumbe ni jino?

Inatokea. Jino lenye ufa ndilo mjanja kuliko yote. Linapiga kama shoti ukitafuna, eksirei haionyeshi kitu, na mtu anaanzishiwa dawa za neva bure. Dalili yake: linauma hasa pale unapoachia baada ya kung'ata. Nampa mgonjwa kijiti au pamba ngumu ang'ate kwa jino moja moja, akiachia nasikia mwenyewe. Meno yaliyozibwa kwa kujaza kukubwa siku nyingi ndiyo hupasuka.

Wengine wana maumivu ya kutwa, mazito, yasiyoeleweka mpaka wake, bila kichocheo, na wamepachikwa jina la neuralgia kwa sababu hakuna jina lingine lililopatikana. Hao upasuaji wa neva unaweza kuwaongezea maumivu. Jina sahihi ni muhimu kwa pande zote mbili.

Dalili zipi zinaonyesha kuna kitu kikubwa zaidi?

Ganzi. Uso wenye neuralgia ya kawaida unahisi vizuri ukiupitishia pamba kati ya mashambulio. Kama shavu, mdomo au kidevu kimekufa ganzi bila mtu kukuchoma sindano, hilo halisubiri. Vivyo hivyo maumivu ya pande zote mbili, kuanza kabla ya miaka 40, sikio la upande huo kupunguza kusikia, kizunguzungu cha kudumu, kuona vitu viwili viwili, au uvimbe shingoni. Uvimbe kwenye neva, saratani ya nyuma ya pua, na ugonjwa wa neva wa skelerosisi, ambao kwetu ni nadra, vyote vinaweza kujifanya neuralgia.

Mawili ya haraka ambayo hayahusiani na trijemina lakini yanauma tayani: taya linalouma ukipanda ngazi na kupoa ukipumzika linaweza kuwa moyo. Na mtu aliyepita miaka 50 mwenye taya linalochoka akitafuna, kichwa kinachouma kwenye panja, na macho yanayofifia, aende dharura siku hiyo. Mishipa ya damu ya kichwa inaweza kuwa imevimba na jicho likapofuka.

Lazima nipige MRI?

Inashauriwa, kama inawezekana, walau mara moja, lakini si sababu ya kuchelewesha dawa. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna uvimbe, na pili kutazama kama mshipa wa damu umeibana neva. Kwa hilo la pili inabidi picha ziwe za vipande vyembamba sana kwenye eneo la neva, kwa hiyo fomu iandikwe wazi "trijemina", si "kichwa kinauma" tu. Nimeona watu waliolipa fedha nyingi kwa picha ya ubongo ya kawaida, wakaambiwa "MRI yako safi", wakarudi kung'oa jino.

MRI safi haifuti ugonjwa. Na mshipa ulioegemea neva huonekana hata kwa watu ambao hawajawahi kuumwa uso. Picha inasaidia maelezo, haichukui nafasi yake.

Nimeandikiwa dawa ya kifafa. Mimi sina kifafa!

Swali hili limeharibu matibabu mengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anafika duka la dawa, muuzaji anatazama cheti, anasema kwa sauti, watu wamepanga foleni, "hii ya kifafa, nani mgonjwa?" Mtu anarudi nyumbani, anaificha juu ya kabati.

Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, inatuliza neva zinazopiga shoti ovyo. Kifafa ni shoti za ubongo, neuralgia ni shoti za neva ya uso. Dawa ni moja. Imetumika kwa neuralgia tangu mwaka 1962, na bado ndiyo chaguo la kwanza pamoja na ndugu yake oksikabazepini. Nafuu huonekana mapema, wengine ndani ya siku chache. Nafuu ya namna hiyo inampa daktari moyo kwamba yuko njia sahihi, ingawa peke yake si uthibitisho.

Huanzishwa kidogo, mara nyingi miligramu 100 mara moja au mbili kwa siku, kisha daktari anapandisha taratibu. Usijipandishie mwenyewe. Italeta usingizi na kuyumba siku za mwanzo, kwa hiyo bodaboda na panga viweke pembeni. Ukitoka vipele, ngozi ikabanduka au mdomo ukatoka vidonda, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo. Damu ipimwe, hasa chumvi ya sodiamu na ini. Ikikufaa, usiikatishe ghafla.

Inagongana na dawa zangu nyingine?

Ndiyo, na hapa usione haya kusema kila unachomeza. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Inapunguza dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo imo kwenye vidonge vya TLD. Anayetumia ARV amwambie daktari ili dozi irekebishwe. Inapunguza nguvu ya dawa ya mseto ya malaria na dawa za kuyeyusha damu. Mwenye mimba au anayetarajia azungumze na daktari kwanza, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Panadol, diklofenaki, tramadoli?

Hazisaidii. Na kwamba hazisaidii ni dalili yenyewe: mtu aliyemeza diklofenaki wiki nzima na shoti hazijapungua hata moja anakueleza kitu.

Upasuaji upo? Unapona?

Upo kwa wale ambao dawa zimeshindwa au zimewachosha. Ule wa kutenganisha mshipa na neva hufanywa kupitia tundu dogo nyuma ya sikio. Mpasuaji anaweka kipande laini kati yao. Katika taarifa kubwa ya kundi la Jannetta iliyotoka 1996, kama asilimia 70 ya wagonjwa walikuwa bado wazima miaka kumi baadaye. Ni upasuaji wa ubongo hata hivyo, una hatari zake, ikiwemo kupoteza usikivu wa sikio hilo. Kwa asiyeweza kupasuliwa kuna njia za sindano kupitia shavuni, za kuichoma neva kwa joto, kuibana kwa puto au kuitia gliserini, na kuna mionzi. Hizo hupoza maumivu kwa kuidhoofisha neva, kwa hiyo huacha ganzi ya kiasi, na maumivu hurudi mapema zaidi. Wapasuaji wa ubongo na neva wapo hospitali kubwa za rufaa, kama MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.

Shangazi anasema nimetupiwa kitu.

Namwelewa shangazi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, usioacha alama, unaompiga mtu katikati ya sala au ya kicheko, kila jamii imeutafutia mkono uliojificha. Kama dua zinakutuliza, omba. Ninachokataa ni chanjo za wembe shavuni na dawa za kuchoma za "wadudu wa meno", kwa sababu zinaiumiza neva iliyoumia tayari, na maumivu ya neva iliyokatwa ni magumu kutibu kuliko haya.

Kutia udhu kumekuwa adhabu. Nifanye nini?

Maji ya vuguvugu badala ya baridi, na kiganja kilichojaa kikilazwa taratibu badala ya kumwagia. Wengi wanaona mguso mwepesi ni mbaya kuliko mguso mzito: unyoya unapiga shoti, kiganja hakipigi. Baada ya shambulio huwa kuna muda mfupi neva imechoka haipigi. Wapo waliojifunza kuutumia kunawa upesi. Kuhusu tayamamu, muulize shehe wako, ukimweleza ugonjwa ulivyo. Wakati wa kusi, mtandio au skafu mbele ya shavu bila kuligusa.

Meno yangu sasa yameoza kweli, sababu sijapiga mswaki upande huo miezi minane.

Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, kwa sababu sasa una magonjwa mawili na kila moja linamsingizia mwenzake. Kwanza dawa ishushe shoti. Kisha twende kwenye meno, ikiwezekana kipindi cha mapumziko, kwa ganzi ya kutosha na ya kudumu. Linalozibika lizibwe, lenye usaha litibiwe mzizi au ling'olewe kwa ubovu wake lenyewe. Mwambie daktari wa meno mapema una neuralgia, aandike juu kabisa ya faili. Mswaki laini wa mtoto, maji ya uvuguvugu, na upige saa ile dawa imefika kileleni.

Nimeshang'olewa manne. Naweza kuweka ya bandia?

Unaweza, lakini subiri shoti zitulie wiki kadhaa kwanza. Tunaanza na ya kuvaa na kuvua, isiyokandamiza fizi pale penye kichocheo, na unaijaribu nyumbani saa chache kwa siku. Ikichochea, unaivua, unarudi, naikwangua pale inapogusa. Yule mama niliyemtaja nilimkwangulia mara tano. Ya sita akasema iache hivyo hivyo, akaniomba muwa.

Sikumpa. Nilimwambia aanze na papai.